Shavu Lililopima Vyungu

Tulipoondoka Upare, Mama alijitwika chungu kilichovunjika. Hakikuvunjika njiani. Kilikuwa kimevunjika tangu nyumbani, vigae vyake vimefungwa ndani ya kaniki kuukuu na kutiwa kwenye tenga, na kwa siku nane alivibeba kichwani kama wenzake walivyobeba mahindi. Tuliofuatana nao walimcheka. Mzee mmoja aliyekuwa akipeleka mbuzi Moshi alimwuliza kama huko Meru hakuna vigae, mpaka mtu abebe vya kwao. Mama akamjibu kwamba viko, ila havimjui. Yule mzee alicheka mpaka akakaa chini, na tangu hapo akawa anatugawia maziwa.

Nilikuwa na miaka sita, au saba; nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa akiandika. Nakumbuka joto la tambarare baada ya baridi ya milimani kwetu, mbu wa Kahe, na Kilimanjaro upande wa kulia. Kwa siku tatu mlima ule ulikuwa kulia kwetu na haukusogea hata kidogo, nikaamini kwamba tunatembea bila kwenda. Nililia. Mama hakunibembeleza. Alinionyesha mlima mwingine mdogo mbele yetu, mweusi, wenye ncha, akasema huo ndio wetu, na kwamba Baba yuko chini yake anapanga mawe. Baba alikuwa ametutangulia mwaka mzima. Alikuwa fundi wa mawe kwenye kuta za boma la Wajerumani pale Arusha. Nyuma yetu, Upare, tulikuwa tumeacha kaburi dogo la dada yangu, aliyekufa kwa surua kabla hajajua kutembea.

Nayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita, katika soko la Kigoma, nilimwona mwanamke akiinua chungu kibichi na kukiweka shavuni, macho yamefumbwa, kama mtu anayesikiliza. Nilikuwa na mkoba wangu begani, naelekea stesheni. Sikwenda stesheni siku ile. Wenzangu mliozaliwa kabla ya vita vya Wajerumani na Waingereza mnajua jinsi kitu kidogo kinavyoweza kumsimamisha mtu wa umri wetu. Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nimekaa Tabora, Kilosa, Mwanza na Tanga, na hakuna mahali nilipomaliza miaka minne. Lakini meno yangu ni ya kahawia, na kila niendako hakosekani mtu wa kunitazama nikicheka na kusema, wewe umekunywa maji ya Meru. Nami hukubali upesi, kwa furaha kubwa kuliko ninavyoitikia jina langu.

Baba alikuwa amepata mahali pa kuweka kibanda huko Akheri, kwenye miteremko, ndani ya shamba la migomba la mjane mmoja aliyeitwa Bibi Ndeshi. Boma lilikuwa mwendo wa nusu siku, kwa hiyo Baba alikuja Jumapili tu. Bibi Ndeshi alikuwa mfupi, mnusa ugoro, mwenye ulimi ambao hata wanaume waliuzunguka. Alikuwa na mjukuu wa umri wangu, Lareto. Siku ya kwanza Lareto alinifungua mdomo kwa vidole vyake, akachungulia, akatangaza kwa wenzake kwamba nina meno ya ndama na kwamba ya mtu hayajaota. Wao wote walikuwa na meno ya kahawia, na kwao meno meupe yalikuwa kitu cha kuonea huruma. Nilikunywa maji ya mfereji mpaka tumbo likauma, nipate kufanana nao.

Mama hakuchukua siku nyingi kutafuta udongo. Udongo wa mlimani ni mzuri kwa mgomba lakini haufai kwa chungu, unavunjika mikononi. Alishuka bondeni, upande wa mto wenye maji ya rangi ya chai, akaonja udongo wa kila ukingo kwa ulimi kama mpishi, mpaka akapata anaoutaka. Ndipo nilipojua kazi ya vile vigae. Alivitwanga, akavichekecha, na unga wake akauchanganya na udongo mpya. Chungu kile kilikuwa cha bibi yangu, na bibi naye alikuwa ametia ndani yake vigae vya mama yake. Udongo mtupu hupasuka motoni. Wenye vigae hustahimili. Mama alisema mimi nisiuguse, maana kazi ile ni ya wanawake, ila kwa kuwa sijatahiriwa ningeweza kukaa karibu.

Chungu kibichi hakichomwi siku hiyo hiyo. Huachwa kivulini kikauke, na hapo ndipo mfinyanzi anapojulikana. Kwa jicho, chungu kilichokauka na chungu chenye maji kidogo tumboni havina tofauti. Mkono nao hudanganya, kwa sababu umeota sugu. Kwa hiyo mfinyanzi wa kwetu hukiweka shavuni. Kikiwa bado na maji hata tone, shavu husikia ubaridi. Kikiwa kimekauka, shavu halisikii joto wala baridi. Mama alitumia shavu la kulia, kama mama yake. Alifumba macho, akasubiri, kisha akasema neno moja tu, kimekauka au bado. Miezi ile ya mwanzo hakuna chungu chake kilichopasuka. Watu wa Akheri hawakuwa na wafinyanzi wao. Vyungu vyao vilitoka mbali na vilifika na nyufa. Basi wanawake wakaanza kuja kutoka vitongoji vya juu na vya chini, na yeye, mgeni asiye na ng'ombe wala mgomba, wakampa jina: Mama Vyungu. Nilitembea shambani mle kama mtoto wa mangi, mtawala wa mlima ule.

Kisha ukaja ugonjwa wake. Baadaye nilikuja kujua kwamba ulikuwa umemshika Upare pia, kila mwaka, majuma sita au saba, halafu unamwacha kabisa kama haukuwahi kuwapo. Lakini mimi niliuona kwa mara ya kwanza pale. Ulikuja kila siku, na saa yake haikubadilika. Kivuli cha paa letu kilipogusa jiwe la kusagia, Mama aliweka chini alichokuwa akifanya, akanawa mikono, akatoka nje. Hakulala kama wagonjwa wengine. Alitembea. Alikwenda na kurudi kati ya migomba miwili, akiwa ameshika upande wa kulia wa kichwa, na mara nyingine aliegemeza paji la uso kwenye mgomba na kuusukuma kana kwamba anataka kuuangusha. Jicho la kulia liliiva, kope yake ikalegea na kuvimba, na machozi yakatiririka kwenye jicho hilo peke yake. Pua ikachuruzika tundu moja. Jasho likamtoka nusu ya paji la uso, nusu nyingine kavu. Kuanzia chini ya jicho mpaka pembe ya mdomo ngozi iligeuka rangi ya shaba iliyosuguliwa, ikang'aa. Upande wa kushoto alikuwa mama yangu yule yule. Muda wa chungu cha ndizi kuiva, na maumivu yakaondoka. Alinawa uso, akarudi kwenye udongo.

Mimi sikujua kuwa ni ugonjwa. Mtu mzima akitokwa na machozi, kwangu alikuwa analia, na mtu anayelia kwa jicho moja lazima ana sababu ya nusu. Nilifikiri sana, nikaona kwamba jicho la kulia linamlilia dada yangu aliyebaki kaburini Upare, na la kushoto halilii kwa sababu mimi nipo. Nilitosheka na maelezo hayo. Hata nilijitahidi, ile saa ilipofika, kukaa upande wake wa kushoto ili jicho lile linione vizuri na lisije likasahau. Siku moja nilimwambia. Alikuwa ndiyo kwanza amepona, uso umelowa. Alinitazama kwa macho yote mawili kwa muda mrefu, halafu akasema, "Endelea kukaa hapo hapo." Hakunisahihisha.

Alichokuwa hajakigundua ni kile kilichokuja pamoja na maumivu. Ndugu zake Bibi Ndeshi walikuwa na harusi, nao walihitaji vyungu vikubwa kumi na viwili vya pombe ya ndizi. Siku zilibana. Mama alifinyanga hadi mchana, na kwa kuwa hakuwa na nafasi alivipima saa ile ile ya maumivu, akienda na kurudi, akiweka kila kimoja shavuni. Vyote akaona vimekauka. Kesho yake akavipanga, akavifunika kuni na majani makavu ya mgomba, akawasha. Watu walikuja kutazama. Cha kwanza kilipopasuka nilidhani ni bunduki ya askari. Kisha cha pili, cha tatu. Vilipasuka saba. Mama alisimama karibu na moto kuliko ilivyofaa, akihesabu milio kwa midomo bila sauti.

Jioni hakula. Kesho yake, kivuli kilipogusa jiwe, alikaa kizingitini kwa nguvu zote, asitembee, akachukua mwiba wa mgunga na kijiti cha mkaa. Akajichoma shavu. Akajichoma tena karibu na pua. Kila mahali ambapo hakusikia alitia alama ya mkaa, polepole, kama mtu anayepima mpaka wa shamba, huku jicho likimwaga machozi. Alipomaliza, nusu ya uso wake ilikuwa na duara jeusi, na ndani ya duara lile kulikuwa na ganzi tupu. "Kumbe ni hapa," alisema. Hakuwa akisema na mimi. Maumivu yalipoondoka alichukua mwiba ule ule na kurudia, na safari hii akashtuka kila alipogusa. Alicheka. Tangu siku hiyo hakupima chungu katika saa ile, na hakuna kilichopasuka tena.

Mambo yangeishia hapo, kama si mimi.

Kulikuwa na mahali kwenye mfereji ambapo wavulana tulichota maji na kukaa zaidi ya tulivyotumwa. Siku hiyo walikuwa wakijisifu. Baba yake Lareto alikuwa amemchoma chui mkuki. Mjomba wa mwingine alikuwa amemjibu Mjerumani usoni na hakupigwa. Wakanigeukia. Baba yangu alipanga mawe ya watu wengine. Hilo halikuwa na sifa. Nikasema, "Mama yangu ana shavu lisilosikia kitu. Hata ukimchoma mwiba hasikii. Nimeona mimi mwenyewe."

Walinyamaza wote. Lareto alichukua kibuyu chake, akaondoka bila kunisubiri. Nilirudi nyumbani nimeinua kichwa, maana niliuona ule ukimya kuwa ni heshima.

Wenye umri wetu hamhitaji kuelezwa. Siku zile ngozi iliyobadilika rangi na isiyosikia mwiba ilikuwa na jina moja tu, nalo lilisemwa kwa sauti ya chini: ukoma. Mwenye ukoma aliondolewa kati ya watu. Boma lilikuwa na mahali pake pa kuwapeleka, mbali, na hatukuwa tumemwona aliyerudi. Na huyu mwenye shavu lile ndiye aliyefinyanga vyungu ambavyo watu wote wa Akheri walipikia. Kesho yake hakuja mteja hata mmoja. Keshokutwa tukakuta vyungu vinne mlangoni, vimerudishwa, kimoja bado kina masizi. Mama akavitazama, akauliza nani ana habari. Mimi nikachukua kibuyu, nikaenda mferejini. Bibi Ndeshi akaja mpaka kwenye ua wa masale, mimea ile mirefu ya majani membamba inayopandwa mipakani kule, akasimama upande wake wa pili.

"Shikamoo, Bibi," alisema Mama.

Bibi Ndeshi hakuitikia. Alinusa ugoro wake, akafunga kikopo. "Nimekula ndizi kwenye chungu chako mwaka mzima," alisema. "Nilikupa ardhi. Ungeniambia."

"Ningekuambia nini?"

"Wewe unajua," akasema, akageuka. Ndipo Mama akajua.

Mshili, yaani mkubwa wa kitongoji chetu, alikuja baada ya siku mbili. Alikuwa mtu mpole na hakupenda aliyokuja kuyasema. Alisema juma lijalo tabibu wa boma atapita kuchanja watu ndui, na amemwomba amtazame Mama. Akisema si ukoma, basi. Akisema ndio, ataandika kwenye daftari lake, na askari watakuja. Mtoto, alisema bila kunitazama, atabaki kwa baba yake.

Baba alipokuja Jumapili alikuwa tayari amekwisha sikia huko Arusha. Alianza kufunga mizigo kabla hajakaa. Alisema turudi Upare siku ile ile, kwa njia ya chini, ambako hakuna atakayetuuliza. Mama alimwacha afunge mpaka alipofika kwenye tenga.

"Nimebeba vigae siku nane kuja hapa," alisema. "Sivirudishi. Tukiondoka sasa watasema walijua, na kila chungu nilichoacha kitavunjwa."

Baba akasema basi ampeleke kwa tabibu asubuhi, na mapema, ambapo shavu ni zima. Tabibu ataona halina kitu, ataandika hivyo, na mambo yatakwisha. Hata mimi, niliyekuwa mdogo, niliona kuwa hiyo ni akili nzuri. Mama akatikisa kichwa.

"Asubuhi ataona mzima. Mchana watu wataniona natokwa na machozi, watasema nimemdanganya. Mwambie mshili huyo tabibu aje mchana. Aje anikute mgonjwa, akae mpaka nipone, na watu wote wawepo."

Baba alimwambia kwamba anacheza na maisha yake. Mama akajibu kwamba shavu ni lake. Nimekutana na watu wengi wajasiri katika kuzunguka kwangu, askari na wawindaji, na sijasikia mtu akisema neno gumu kama lile kwa sauti ndogo kama ile.

Asubuhi ya siku yenyewe nilikwenda kwenye ua, nikakata tawi la sale. Nilikuwa nimewaona watu wa mlima ule: aliyekosa hupeleka sale kwa aliyemkosea, na akishaleta, hata kosa la damu huzungumzwa. Nililishika kwa mikono miwili nikamletea Mama. Nilikuwa najua kwamba ulimi wangu ndio uliofanya yote, na nilikuwa nimejua tangu vile vyungu vinne.

"La nini?" aliuliza. Upare hatukuwa na desturi hiyo nyumbani kwetu, au hakutaka kunirahisishia.

"Ni mimi niliyesema. Kule mferejini."

"Ulisemaje?"

Nikarudia maneno yangu yote, pamoja na mwiba. Nilingoja kofi. Alichukua lile tawi, akalizungusha vidoleni. "Kwa hiyo ulikuwa unanisifu," alisema. Nikaitikia kwa kichwa. Akachimba shimo dogo karibu na mlango, akalipanda, akalikanyagia udongo. "Leo nitawapa cha kusifu kingine. Njoo ukae upande wako."

Walikusanyika kwenye uwanja wa Bibi Ndeshi, mbele ya kibanda chetu, watu wengi kuliko waliokuja kuchanjwa. Tabibu alikuwa mtu wa pwani mwenye kanzu na koti la kijeshi juu yake, mkoba wa ngozi, na sura ya mtu anayetaka kufika nyumbani kabla ya mvua. Aliuliza kwa nini anacheleweshwa. Mama akamwambia kwa heshima angoje kivuli kifike kwenye jiwe. Watu wakatazamana. Kivuli kikafika, na sote tukaona jicho lake likiiva mbele yetu, machozi yakianza upande mmoja, jasho likikata paji la uso katikati. Nilisikia mwanamke mmoja akivuta pumzi. Mama alisimama, miguu ikitaka kutembea, akaizuia. Tabibu akatoa unyoya wa kuku, akamfumbisha macho, akampitishia shavuni.

"Unasikia?"

"Sisikii."

Akatoa sindano. "Hapa?"

"Sisikii."

"Na hapa?"

"Hapo pia sisikii. Mpaka kwenye mdomo. Usijisumbue, bwana, mpaka wake ninaujua."

Watu wakaanza kurudi nyuma hatua moja moja. Tabibu alifungua daftari. Baba alikuwa ameshika mkono wangu.

"Ulikuja kuchanja watu au kunichanja mimi tu?" Mama aliuliza, na sauti ilimtoka kwa shida. "Wachanje hao. Bibi Ndeshi, weka chungu cha ndizi motoni. Zikiiva, nitarudi."

Sijui kwa nini Bibi Ndeshi alitii. Labda ni kwa sababu hakuna aliyewahi kumwamrisha. Aliweka chungu. Mama alikwenda na kurudi kati ya migomba mbele ya wote, paji la uso likigonga mgomba, na tabibu alichanja watoto akimtazama kwa pembe ya jicho. Nilikaa upande wa kushoto wa njia yake, nikihama kila alipogeuka, na kila alipopita jicho lile zima lilinitazama.

Ndizi zilipoiva, Mama alisimama. Alivuta pumzi ndefu, akanawa uso, akaja akakaa juu ya kigoda katikati ya uwanja. Rangi ya shaba ilikuwa ikififia. Akavua kitambaa chake cha kichwa, akampa mshili amfunge macho.

"Kivulini kwangu mna vyungu vitano vibichi," alisema. "Kimoja nimekifinyanga jana, vingine vina siku nyingi. Vimefanana. Nileteeni kimoja kimoja, kwa mpangilio mnaotaka."

Bibi Ndeshi alivileta mwenyewe, maana hakuwaamini wengine. Mama akaweka cha kwanza shavuni, lile lile la kulia. "Kimekauka." Cha pili. "Kimekauka." Cha tatu alikawia nacho, akakigeuza. "Bado. Hiki ni cha jana, na maji yako tumboni, si mdomoni." Mshili akakishika, akakikwaruza kwa kucha, akaonyesha watu unyevu. Cha nne, kimekauka. Bibi Ndeshi alizunguka nyuma, akatazama watu kwa jicho la ujanja, akachukua kimoja, akampa. Mama alikiweka shavuni, akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Hiki umeshanipa, Bibi. Ni cha pili. Kina kokoto dogo ubavuni, linanikwaruza."

Mtu mmoja alicheka, kisha wote wakacheka, na Bibi Ndeshi mwenyewe akaficha mdomo kwa khanga. Tabibu hakucheka. Aliinama, akamgusa Mama kwa sindano bila kumwambia, pale pale ambapo mwanzo hapakusikia. Mama akaruka.

"Bwana," alisema, "hiyo sindano yako ni butu. Inoe kabla hujachanja watoto wa watu."

Tabibu akafunga daftari. Aliwaambia watu kwamba ukoma hauendi ukarudi kwa muda wa chungu cha ndizi. Ukishachukua ngozi hauirudishi. Huu ni ugonjwa mwingine, alisema, na yeye hajui jina lake. Nilimpenda kwa kusema kwamba hajui.

Kesho yake asubuhi Bibi Ndeshi alikuja, si mpaka kwenye ua bali mpaka mlangoni, na mkononi ana jani la sale. Mama alilipokea, akamwonyesha tawi lililopandwa. "Juma hili nimepata mawili," alisema. "Nitakuwa na ua wangu." Bibi Ndeshi akauliza la kwanza limetoka kwa nani. Mama akasema limetoka kwa mtu mmoja wa Meru. Nadhani hiyo ndiyo siku niliyokuwa mtu wa mahali pale.

Tangu hapo saa ile ikawa ya kitongoji kizima. Kila mwaka, majuma yale yalipofika, wanawake walikuja wenyewe kutazama moto wake kivuli kikigusa jiwe, na hakuna aliyemwuliza swali akiwa anatembea. Lareto alitembea kitongoji kizima akisimulia lile la chungu cha pili, na kila aliposimulia aliongeza vyungu, mpaka vikawa ishirini. Sikumsahihisha. Mwaka wa tatu meno yangu mapya yalikuwa yameota yote, ya kahawia.

Baadaye mwalimu wa misheni aliona kwamba ninashika herufi upesi, akaniombea nafasi katika shule ya pwani. Ningekwenda kwa miguu mpaka Moshi, halafu kwa gari la moshi. Sikujua kwamba vita vitafunga njia, kwamba homa itamchukua Mama kabla havijaisha, na kwamba sitalala tena chini ya paa lile. Tulidhani nitarudi kila likizo.

Nilitoka asubuhi. Yalikuwa majuma yake, lakini saa yake ilikuwa bado. Shavu lilikuwa zima. Nilimkuta anakanda udongo karibu na lile sale, ambalo sasa lilikuwa limenipita urefu. Hakunawa mikono. Alinishika kichwa pande zote mbili, kama anavyoshika kitu kibichi asichotaka kukibonyeza, akainama, akaliweka shavu lake la kulia kwenye langu. Akafumba macho. Alikawia sana, kuliko alivyowahi kukawia kwa chungu chochote, nami sikuthubutu kupumua.

"Umekauka," alisema. "Nenda."

Nikaenda. Njiani udongo wa vidole vyake ulinikaukia usoni, ukaanza kukatika vipande vidogo vidogo na kudondoka kwenye shati langu jipya. Sikuufuta mpaka Moshi.